Mkono Usio na Haraka

Kanuni ya Boyle hutosha mstari mmoja ubaoni: jotoridi lisipobadilika, hewa ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, kanieneo lake huongezeka maradufu. Mwanafunzi huikariri kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Kumfanya aione ikitokea ni kazi nyingine kabisa, na mwalimu mmoja wa Kidato cha Tatu jijini Dar es Salaam aliifanya kwa ustadi ulionisahaulisha saa.

Mezani palikuwa na bomba la sindano la mililita 20 lililoondolewa sindano, kihisi cha kanieneo la gesi, na kompyuta. Kihisi chenyewe ni kijisanduku kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha silikoni. Upande mmoja kinaguswa na hewa, upande wa pili ni ombwe. Hewa ikikisukuma, kiwambo hupinda kiasi kisichoonekana kwa jicho, ukinzani wake wa umeme ukabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kwa kilopaskali.

Kabla ya kuunganisha chochote aliuliza, "Kiko wazi hivi. Kitasoma ngapi?" Wengi walijibu sifuri. Kikasoma 101. Darasa likanyamaza, naye akaacha kimya kile kikae kidogo. "Hiyo ni hewa inayotukandamiza sote humu ndani," akasema. Kihisi hichohicho kingepelekwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kingesoma kama 83.

Akavuta pistoni hadi alama ya 10, akakaza bomba kwenye kihisi. Nilitazama vidole vyake. Alilishika bomba kwenye masikio yake tu, kwa sababu kiganja kikizunguka bomba huipasha hewa iliyomo, na joto hilo huharibu hesabu. Kijana aliyepewa zamu ya kwanza alisukuma kwa nguvu mara moja hadi 5. Namba ikaruka juu, kisha ikaanza kuteremka yenyewe, taratibu. Akadhani kifaa kimeharibika.

"Umeipasha moto hewa, mwanangu. Ngoja ipoe."

Ni jambo analolijua kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli akagusa pampu baadaye. Wakasubiri wote, macho kwenye namba. Ikatulia kwenye 188.

Lakini 188 si mara mbili ya 101. Walitarajia 202, na minong'ono ikaanza. Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Jibu alikuwa nalo mdomoni, ila hakulitoa. Aliwaambia wafungue bomba, wachungulie shingo yake na tundu la kihisi, kisha waseme hewa iliyokuwa imefungwa ilikaa wapi na wapi. Ilichukua dakika kadhaa. Binti mmoja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna hewa ambayo alama za bomba haziihesabu. Kweli: katika kifaa kile ni mililita 0.8. Wakaiongeza. Mililita 10.8 mara 101 ni 1,091. Mililita 5.8 mara 188 ni 1,090. Wakalikaza tena bomba likiwa kwenye 10, wakavuta pistoni hadi 20, kihisi kikashuka hadi 52.4, na 20.8 mara 52.4 ni 1,090.

Robert Boyle, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1662, alitumia mrija wa kioo uliopindwa na zebaki iliyomiminwa humo. Mrija mmoja ulikuwa mrefu hata haukufaa chumbani, ukasimamishwa kwenye ngazi, na sehemu yake ya chini ikawekwa ndani ya sanduku la mbao ili kioo kikipasuka zebaki isipotee. Kihisi kimetuondolea sumu ya zebaki na hofu ya kioo. Kusubiri hakikutuondolea, na mwalimu yule hakujaribu kukwepa hata sekunde moja ya kusubiri kwenyewe.

Kama shule yenu inacho kihisi kama hiki kabatini, kitoeni. Msikimbilie grafu. Anzeni kikiwa wazi, muwaulize wanafunzi kitasoma ngapi, na muwape nafasi ya kukosea.