Lenzi Moja, Kina Kimoja

Proba ya kawaida ya altrasaundi, yenye vipande 128 vya kristali katika safu moja, imeachia lenzi ya mpira nusu ya kazi ya kukusanya mwale. Uamuzi huo ni kosa, na umevumiliwa mno.

Kwenye urefu wa safu kazi ni safi. Vipande vya ukingoni hupigwa kwanza na vya katikati mwisho, ili mawimbi yote yafike pamoja: fokasi ikiwa milimita 40, kipande kilicho milimita 10 kutoka katikati hutangulia kwa takriban mikrosekunde 0.8. Mwangwi unaporudi, fokasi huufuata kina kwa kina.

Kwenye unene wa tabaka linalopigwa picha, yaani upande unaokingama na safu, hakuna kinachofuata chochote. Kila kipande kina waya mmoja, hivyo uso wake wote hupiga kwa wakati mmoja. Lenzi ya silikoni, ambamo sauti huenda polepole kuliko mwilini, huukutanisha mwale kwenye kina kimoja kilichochaguliwa kiwandani. Juu na chini ya hapo tabaka hunenepa. Kila aliyekaa mbele ya skrini ameyaona matokeo: uvimbe mdogo wenye maji, uliopaswa kuwa mweusi, umejaa ukungu wa kijivu, kwa kuwa mwale mnene umegusa na nyama ya kando. Kitufe cha fokasi hakiufikii ukungu huo. Wala idadi ya vipande, ambayo matangazo huisifu kupita kiasi, haisaidii vikiwa bado safu moja.

Kisingizio cha kubaki na safu moja ni waya na gharama. Kilikuwa na uzito Klaas Bom alipounda kule Rotterdam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, proba ya safu yenye vipande 20. Hata hivyo, katika muongo huohuo, Olaf von Ramm na Fredrick Thurstone wa Chuo Kikuu cha Duke walijenga mtambo wa kuhamisha fokasi wakati mwangwi ukirudi, kwa elektroniki duni kuliko ya leo. Hawakuridhika na kina kimoja.

Tena gharama yenyewe hukuzwa. Kila kipande kikigawanywa safu tano, safu zilizo umbali sawa kutoka katikati huhitaji ucheleweshaji uleule, hivyo huunganishwa mbili mbili: njia tatu zatosha badala ya tano.