Kuhukumu Divai Ingali Changa

Wahenga walituambia kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Hawakutuambia ni macho ya nani yatakayoiona. Swali hilo humkabili kila ahukumuye kitu kichanga, na waonjaji wa divai nyekundu ya Bordeaux, nchini Ufaransa, hukutana nalo kila mwaka. Wao huionja divai kutoka mapipani ikiwa na umri wa miezi 6 hivi, ilhali iliyo bora hutazamiwa kunywewa baada ya miaka 10 au 20. Huinusa, huizungusha kinywani, kisha huitema. Kazi yao si kulewa bali kupima.

Jambo la kwanza wanalokutana nalo ni ukakasi, ule ule tuujuao katika bibo au ndizi mbichi. Hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, na katika mbao za mwaloni zilizotengenezewa pipa. Asiye mjuzi huuona kuwa ila. Mjuzi anajua kwamba miaka ipitapo, chembechembe za ukakasi huo huungana, nyingine zikatua chini ya chupa kama mashapo, na divai ikalainika. Hata hivyo, ukakasi peke yake si ahadi ya wema. Hauna budi kusimama pamoja na uchachu na ladha ya tunda. Tunda likiwa hafifu, litanyauka kabla ukakasi haujalainika; na ukakasi na uchachu vikikosekana, divai itapendeza leo na kufifia kesho. Basi kinachopimwa ni mizani ya vitu hivyo vitatu, pamoja na muda ambao ladha hukaa kinywani baada ya divai kutemwa.

Lakini hatari kubwa haimo katika bilauri. Imo katika jina lililobandikwa chupani. Mwaka 1855 divai za Bordeaux zilipangwa kwa madaraja kwa kufuata sifa na bei zake sokoni. Tangu hapo daraja la kwanza limeongezewa jina moja tu, Château Mouton Rothschild, mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye, Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waonjaji wa Kifaransa mjini Paris, akawapa divai nyekundu 10, nne za Bordeaux na sita za California, majina yakiwa yamefichwa. Iliyoshinda ilikuwa Stag's Leap ya mwaka 1973, kutoka California. Mouton ya mwaka 1970 ikafuata.

Watetezi wa Bordeaux walidai kwamba divai zao zilikuwa changa mno, na kwamba wakati ungezipandisha. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ilistahili kungojewa. Mwaka 2006 divai zile zile zikaonjwa tena. Nafasi tano za kwanza zote zilichukuliwa na California. Ridge Monte Bello ya mwaka 1971, iliyokuwa ya tano mwaka 1976, sasa ikawa ya kwanza. Kumbe wakati ulifanya kazi yake, ila haukumpendelea mwenye jina. Nao waonjaji wa Paris, ingawa walifichiwa majina, hawakuiona nyota ile iliyokuwa mbele yao.

Kwetu Tanzania, ambako zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, tunapenda divai yetu ihukumiwe kwa mizani hiyo hiyo: isidharauliwe kwa kuwa haina jina, wala isisifiwe kwa kuwa ni yetu. Na ndivyo tunavyowasihi walimu wasomapo tungo za wanafunzi wao. Lifunikwe jina la mtunzi kwanza. Kisha, penye ukakasi, iulizwe kama chini yake pana tunda. Likiwapo, mwalimu asiharakishe kulainisha kila mstari kwa kalamu nyekundu; aeleze alichokionja, aandike tarehe, na auhifadhi utungo huo ili usomwe tena.