Kazi Inayofanyika Kabla ya Kilio

Ukiingia katika darasa la awali la mwalimu anayeijua kazi yake, huenda usione lolote la kukushangaza. Watoto sitini wako mikekani wanahesabu vizibo vya soda. Mmoja ana usonji, mwingine ana mtindio wa ubongo, wa tatu hasikii vizuri, na yupo yule ambaye hajapimwa popote lakini hatulii hata kwa muda wa wimbo mmoja. Mgeni atatoka akisema watoto wa leo ni wapole. Hatajua kwamba mwenye usonji alionyeshwa mapema picha ya bakuli, ili afahamu kuwa vizibo vikiisha unakuja uji. Hatajua kwamba yule asiyetulia alitumwa kukusanya vizibo kwa makusudi, kwa kuwa kitambo kidogo baadaye angeanza kuvirusha. Wala hataona kwamba mwalimu hasimami hata mara moja dirisha likiwa mgongoni kwake, maana uso wake ungeingia kivuli na mtoto asiyesikia vizuri angeukosa mdomo wake.

Huu ni ufundi, nami nausifu kama ufundi. Mara nyingi walimu hawa husifiwa kwa upole wao: wana moyo, wana subira, Mungu atawalipa. Ni kweli wana moyo. Lakini moyo haumwambii mwalimu kwa nini mtoto amemng'ata mwenzake saa nne na si saa tatu. Hilo hujulikana kwa kutazama, kuandika na kufikiri, kama zinavyojulikana siri za kila kazi ngumu.

Kiini cha kazi yenyewe ni kuamini kwamba mtoto anayejitupa chini, anayepiga mayowe au anayekimbilia mlangoni anaomba kitu, na kwamba hana njia nyingine ya kukiomba. Mwalimu fundi huweka daftari lenye safu tatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, na ndiyo yenye siri. Tuseme mtoto anapiga mayowe kila inapofika zamu ya kuandika. Anatolewa nje, akae chini ya mwembe mpaka atulie. Kesho anapiga mayowe mapema zaidi. Mwalimu anayesoma daftari lake ataona kwamba mtoto alikuwa anaikimbia penseli, na kila alipofukuzwa alipewa alichotaka. Adhabu imegeuka malipo, na shule nzima imeshiriki kumfundisha mtoto kupiga mayowe.

Mwaka 1985, watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha kazi ndogo kuhusu watoto wanne tu wenye ulemavu wa ukuaji, kazi ambayo bado inawaongoza walimu wengi. Waliona kwamba vurugu nyingine zilitokea kazi ilipokuwa ngumu, na nyingine zilitokea mtoto alipokosa macho ya mwalimu. Basi wakawafundisha watoto kusema: anayeshindwa na kazi aseme haelewi, anayetaka kutazamwa aulize kama anafanya vizuri. Vurugu zikapungua sana. Lakini mtoto yuleyule alipofundishwa sentensi isiyolingana na haja yake, hazikupungua. Hapo ndipo ninapouona uzito wa kazi hii: haitoshi kumpa mtoto maneno, lazima uwe umemsoma kwa usahihi ndipo umpe maneno yake.

Na asiyeongea je? Atapewa ishara ya mkono, au kadi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni na kuchorwa mtoto aliyeketi pembeni: nataka kupumzika. Siku za mwanzo ataitoa kadi hiyo kila mara, na mwalimu lazima aiheshimu kila mara, hata pale inapoonekana mtoto anamchezea. Mtoto akishaamini kwamba kadi inafanya kazi kuliko mayowe, ndipo mwalimu anaanza kuomba kidogo: andika herufi moja, kisha pumzika. Baadaye herufi mbili. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu wanaharakisha, au kwa sababu mwalimu mwingine akishika darasa kwa siku moja anaificha kadi mezani akidhani ni ya kudekeza.

Kuna jambo jingine linalonivutia hasa, nalo ni sifa. Madarasa yetu yanajua kusifu. Mtoto akijibu vizuri, mwalimu anasema mpigieni makofi, na chumba kinatikisika. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye masikio yake hayachuji sauti, makofi hayo ni mvua ya mawe juu ya bati. Amejibu sawasawa, na malipo yake ni maumivu. Kesho hatanyosha mkono. Mwalimu stadi huazima shangwe ya viziwi: mikono yote juu, vidole vikitikiswa, bila sauti. Darasa zima linaipenda, mtoto asiyesikia anaielewa kuliko mtu yeyote, na mwenye usonji anabaki kitini pake akitazama mikono ya wenzake iliyoinuliwa kwa ajili yake.

Tena sifa inayofaa hutaja kitendo. Badala ya vizuri sana, mwalimu huinama karibu na kusema: umemsubiri mwenzako amalize kuhesabu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa Madsen, Becker na Thomas mwaka 1968, ulionyesha kwamba kutangaza kanuni za darasa peke yake hakubadilishi mengi. Kilicholeta mabadiliko ni mwalimu kusifu tendo jema na kuacha makosa madogo yapite. Nikitazama kuta za shule zetu zilivyojaa kanuni zilizopakwa rangi, naukumbuka utafiti huo.

Kuhusu fimbo sitasema mengi. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na kwingine mjadala unaendelea. Ninachojua ni kwamba mtoto asiye na njia ya kusema kelele zinaniumiza, akichapwa, atabaki bila njia hiyo, na sasa atamwogopa mtu ambaye angemfundisha.

Ufundi huu haukomi mlangoni. Mama wa mtoto kama huyu amezoea kuitwa shuleni kwa habari mbaya tu, hata salamu yake anaitoa akiwa ameinamisha macho. Mwalimu fundi humwahi: "Mama, leo ameniomba maji kwa mkono wake. Nyumbani huwa anawaombaje?" Swali hilo lina thamani sawa na habari njema iliyolitangulia. Bibi huenda anajua kwamba mtoto hutulia akifunikwa khanga kichwani. Mwalimu akilijua hilo, naye mama akiijua ishara ya maji, mtoto halazimiki kuishi katika nchi mbili zenye lugha mbili.

Mwaka 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Milango imefunguliwa, na nashukuru. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini hawezi kuandika safu tatu huku anagawa uji. Anahitaji msaidizi darasani, na anahitaji muda mchana, watoto wakishaondoka, wa kukaa na daftari lake. Mthibiti ubora wa shule anapofika huomba azimio la kazi na andalio la somo. Aombe na daftari hilo pia, avute kiti, alisome pamoja na mwalimu aliyeliandika.