Maji Yaliyolala Ndivani

Abiria wa basi liendalo Moshi au Arusha kutoka Dar es Salaam huiona Same dirishani. Upande mmoja nyika imetandazwa hadi macho yachoke, na mikonge ya Makanya imeshapita. Upande wa pili mlima mkavu, mawe na miiba, na upepo unaorusha vumbi stendi nzima. Basi likishashika njia ya Mwanga, abiria huyo hurudi kwao akisema Upare, nchi ya Wapare, ni ukame. Amesema alichokiona, ila mlima ulikuwa umempa mgongo. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, zikapanda miteremko ya mashariki na kusini, zikamwaga mvua huko na juu ya msitu wa Chome, ambako kilele cha Shengena hufika mita 2,462. Barabara kuu imejengwa upande uliobakiziwa masalia ya mvua hiyo.

Anayetaka kula vizuri Upare na ateremke hapo Same, atafute gari la njia ya Kisiwani. Hifadhi ya Mkomazi itakuwa kushoto kwake, milima kulia, na kadiri anavyokwenda ndivyo mlima unavyobadilika rangi. Gonja Maore ataukuta mto Hingilili ukiporomoka kutoka juu. Ndungu atakuta mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Yongoma. Akipanda Mamba Miamba, ardhi yenyewe itamnukia tangawizi. Huku hakuna pilikapilika za barabara kuu. Mgeni hupewa kigoda, huulizwa habari za safari na za aliowaacha nyumbani, na mambo ya chakula huanza kushughulikiwa jikoni kabla hajasema kama ana njaa.

Mpishi wa chakula hicho atashukuriwa. Mimi nataka kumshukuru fundi mwingine, aliyetangulia: mchimba ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kulaza maji, lililochimbwa begani mwa mlima na kuzuiwa kwa ukuta wa udongo na mawe. Utaikuta milimani na utaikuta hata upande ule mkavu, kama kule Bangalala, na huko ndiko thamani yake inakoonekana zaidi. Fikiria kijito chembamba cha mlimani wakati wa kiangazi. Ukikielekeza shambani moja kwa moja, kitanyonywa na mfereji wenyewe. Maji yatazama ardhini hatua kwa hatua, na shamba la chini litapata tope. Wazee waliliona hilo wakapata jibu ambalo bado linanishangaza kwa wepesi wake: usiku, watu wanapolala, na maji yalale. Kijito huachwa kiingie ndivani usiku kucha. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa, na maji ya usiku mzima hutoka kwa pamoja, kwa nguvu, yakakimbia mferejini kabla ardhi haijawahi kuyanywa, yakafika hata kwa mwenye shamba la mwisho. Ni kijito kilekile, na hakuna tone lililoongezwa.

Ufundi umo katika kuchagua mahali. Ndiva iwe juu ya mashamba inayoyalisha, lakini isiwe juu mno hata kijito kisiifikie. Udongo wake uwe wa mfinyanzi, usiovuja, na ukuta ushindiliwe tabaka kwa tabaka, maana ukipasuka wakati wa masika utashuka na migomba ya watu. Kisha kuna mfereji, na hapo ndipo namvulia kofia fundi. Ukiuinamisha mno, maji yatachimba kingo na kubomoa. Ukiulaza mno, yatasimama, matope yatajaa, majani yataota. Kati ya makosa hayo mawili kuna mwinamo mmoja ulio sawa, na mlima haunyooki: una mabonde, una majabali, una mizizi ya miti ambayo si ruhusa kuikata. Waliochimba mifereji ya zamani hawakuwa na vipimo vya shule ya uhandisi. Walikuwa na jicho, jembe, na maji yenyewe yaliyofuata nyuma ya jembe yakiwaonyesha walipokosea.

Na ndiva haimaliziki siku inapojaa mara ya kwanza. Kila msimu huleta mchanga, kila mvua kubwa hula ukingo. Ndiyo maana kuna msaragambo, kazi ya pamoja inayoitishwa kijiji kizima kitoke na majembe kuzoa tope na kuziba nyufa. Asiyetokea hutozwa faini, au zamu yake ya maji hushikwa mpaka ajieleze. Zamu ndiyo sheria ya mfereji: huyu asubuhi, yule mchana, wale siku ya pili, na ole wake anayefungulia maji ya mwenzake gizani. Ukoo uliochimba ulikuwa na heshima yake, na wazee walikuwa na matambiko yao. Miti ya kwenye chemchemi ililindwa kwa mwiko, kama ilivyolindwa misitu ya mpungi iliyo mahali pa tambiko za koo. Aliyeikata alijua anakata kinywaji cha watu walio chini yake.

Nadhani tabia nyingi za Upare zilipikwa kwenye mfereji. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, na upinzani wao ukaendelea mpaka serikali ya kikoloni ikaiacha kodi ile. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliyaandika mapambano hayo. Kila ninapoyakumbuka naona watu waliokwisha kuzoea kuitana, kuhesabiana, na kumuuliza asiyetokea alikuwa wapi. Watani wao nchini huwaita wabahili. Mimi nauona uhasibu wa watu ambao riziki yao ilipimwa kwa muda wa tundu kuwa wazi.

Basi sasa makande, chakula ambacho Watanzania hawawezi kumtaja Mpare bila kukitaja. Mahindi makavu hutwangwa kinuni mpaka ganda litoke, hupepetwa, hulowekwa, kisha huingia chunguni pamoja na maharage. Moto wake ni wa kuni chache zinazosogezwa kidogo kidogo, na saa zake ni nyingi. Chumvi husubiri hadi maharage yameiva. Kuna wanaokaanga kitunguu na nyanya, kuna wanaotia nazi ya Tanga, na kuna wanaoyala na maziwa ya mgando, na mimi nipo upande wa hao wa mwisho. Punje ikiiva sawasawa hubaki nzima, lakini ulimi ukiigusa inakubali. Mchuzi wake mzito hautokani na unga wala na kiungo chochote. Umetoka kwenye mahindi na maharage yenyewe, yakiachia wanga wake polepole. Makande ya jana yaliyopashwa moto asubuhi, pamoja na chai ya tangawizi ya Mamba, yananitosha kupanda mlima hadi adhuhuri.

Siku hizi ndiva kadhaa zimesakafiwa kwa saruji, na sina ugomvi na saruji. Hupunguza kuvuja, na huwapumzisha wazee waliokuwa wakishindilia udongo kila mwaka. Kinachonitia wasiwasi ni jicho la yule mpimaji. Vijana wengi wanashuka Same, kisha Moshi, kisha Dar es Salaam, na mfereji unapobomoka penye kona mbaya anatafutwa mzee mmoja aje aseme uchimbwe wapi upya. Ningependa kila shule ya sekondari ya wilaya ya Same iwapeleke wanafunzi wake wa jiografia kwenye msaragambo, wakiwa na majembe, wakafundishwe na mzee huyo pale pale penye kona, na somo likimalizika wapewe makande pamoja na wenye mashamba.