Mahindi Yaliyofungwa na Maji Yake

Akiba ya mahindi katika nyanda za juu inaharibika siku ileile mfuko unapofungwa. Yanapukuchuliwa asubuhi, jioni yako ndani ya mfuko wa kinga njaa, shingo imesokotwa, imekunjwa na kukazwa kwa mpira. Ufungaji wenyewe hauna dosari. Mbao zimewekwa chini, mifuko imetengwa na ukuta, plastiki imekaguliwa isiwe na tundu: yote sawa. Punje tu ndizo hazijakauka, na hilo linatosha kubatilisha mengine yote.

Mfuko huo, plastiki mbili ndani na kiroba nje, ulianzia kwenye kunde. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliubuni na wenzao wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Wadudu waliofungiwa humo huimaliza oksijeni wenyewe, huacha kula, kisha hufa. Hiyo ndiyo kazi yake. Kukausha si kazi yake, kwa sababu plastiki inayozuia hewa kuingia ndiyo hiyohiyo inayozuia mvuke kutoka. Mahindi yanatakiwa kuingia humo yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yanayotoka shambani wakati wa ukungu na baridi huwa mbali na hapo.

Utetezi unajulikana: pasipo hewa kuvu haioti. Ni kweli kwa mfuko usioguswa. Lakini mfuko wa nyumbani hufunguliwa kila wiki, linachotwa debe la kupeleka mashineni, unafungwa tena. Kila ukifunguliwa, hewa inaingia kwenye punje zenye maji. Mkono ukizamishwa ndani unakuta joto. Harufu ni ya kitu kilichochacha. Kando ya plastiki punje zimeshikana vibonge. Za mbegu ndiyo basi, haziwezi kuota tena.

Hasara ya kilo ni ndogo ikilinganishwa na sumukuvu, sumu inayoachwa na kuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Kusonga ugali kwa moto mkali hakuiondoi.

Dari ya zamani ya juu ya jiko haikuwa na kosa hili la kufungia unyevu. Mahindi yalipanda huko na maganda yake, moshi ukayafukiza miezi mizima, bibi akayashusha kwa kiasi cha kula. Dari ilifanya kazi mbili, ya kukausha na ya kukinga, wala hapakuwa na haja ya kuzitenganisha. Mahindi ya zamani nayo yalisaidia, ganda lake likifunika gunzi mpaka ncha. Mbegu nyingi za dukani husifiwa kwa idadi ya magunia huku ncha ikiachwa wazi kwa fukusi na mvua, na bado zinaitwa bora.

Dari ilishindwa na dumuzi. Mdudu huyo wa Mexico na Amerika ya Kati, mwenye milimita tatu au nne tu, aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hustawi zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi. Ushauri wa kupukuchua ulikuwa sahihi. Ila mahindi yaliposhushwa darini, kazi ya kukinga ilipewa dawa, baadaye mfuko. Ya kukausha haikupewa chochote.

Kipimo cha ukavu hakihitaji duka. Chumvi kavu kidogo hutiwa katika chupa kavu ya kioo, punje zinaongezwa, inatikiswa kama dakika moja, inaachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, si ruhusa ya kufunga siku hiyohiyo: kati ya 15 na 13.5 bado kuna kuanika, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na kugeuzageuza mpaka jioni. Kung'ata punje ni kipimo cha wenye uzoefu, nao pia hukosea.

Mifuko iliyofungwa siku ya kupukuchua ifunguliwe jua likipatikana, mahindi yaanikwe upya na kupimwa. Yaliyoota kuvu yatupwe, yasipewe hata kuku.