Maji ya Betri: Jina Moja, Vitu Viwili

Kizota, mjini Dodoma, ni kata ijulikanayo kwa viwanda na maghala, na palipo na malori hapakosi mafundi. Huko tuliingia duka la vipuri tukaomba maji ya betri. Muuzaji akatuuliza: "Makali au ya kuongezea?" Swali hilo fupi limetuonyesha kasoro ambayo sisi wafasiri tumeipitisha muda mrefu bila kuihoji.

Betri ya kawaida ya gari, ya volti 12, ina seli sita. Ndani ya kila seli mna mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi (mafundi huyaita pleti), yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya namna hii mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Betri inapotoa umeme, asidi huungana na mabamba, ikafanyika salfeti ya risasi. Inapochajiwa, asidi hurudi ilikotoka. Basi katika matumizi ya kawaida asidi haipungui. Kipunguacho ni maji, ambayo hukauka kwa joto, ama huvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni chaji inapozidi.

Sasa na ifikiriwe sentensi ambayo mfasiri yeyote angeweza kuiandika: "Kina kikishuka, ongeza maji ya betri." Msomaji atie kipi? Akitia asidi, ukali huzidi na mabamba huliwa kabla ya wakati wake. Akidhani ni maji yoyote, atafungua bomba. Na maji ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, kama maji mengine ya ardhini, yana chumvi zisizotakiwa katika betri. Ubaya zaidi uko katika kuchanganya. Kanuni ni kutia asidi katika maji, kidogo kidogo, wala si maji katika asidi, kwa maana huchemka ghafula na kumrukia mtu. Ikiwa vyote viwili ni "maji ya betri", kanuni hiyo haiandikiki.

Wataalamu wa sayansi wanalo neno lao, maji yaliyokenekwa. Neno ni sahihi, nasi hatuna ugomvi nalo darasani. Lakini tulipolitamka mbele ya fundi alitutazama kama watu tuliopotea njia. Kwa maoni yetu yule muuzaji amekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Tunapendekeza *asidi ya betri* kwa ile kali, na *maji ya kuongezea* kwa yale safi, huku maji yaliyokenekwa yakitajwa mara moja mwanzoni mwa kitabu cha maelekezo, ili mwanafunzi aunganishe mambo. "Maji makali" tungeyaacha, kwani neno maji humpa mtu imani isiyostahili.

Wapo watakaosema hoja hii imepitwa na wakati, maana betri nyingi za siku hizi zimefungwa na hazihitaji kuongezwa kitu. Ni kweli kwa magari mengi madogo. Hata hivyo betri zenye vizibo bado zimo katika malori na matrekta, na ndizo zinazohitaji maelekezo yaliyo wazi.

Neno jingine ni *moto*. "Betri haina moto" ni Kiswahili kizuri cha gereji, na katika mazungumzo hatungelisahihisha. Katika maandishi lina hatari. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, na onyo la lazima ni kutosogeza moto karibu nayo. Msomaji aliyeambiwa mstari wa juu kwamba betri imejaa moto atalipokeaje onyo hilo? Afadhali *chaji* ibaki kwa umeme uliowekwa, na *moto* kwa kiberiti na sigara. (Kuhusu *risasi*, ambayo ni madini na pia ni ya bunduki, hatuoni tatizo, hakuna aliyewahi kutafuta bunduki ndani ya betri.)

Limebaki jina la kile kichupa chenye chelezo, kinachofyonza asidi ili kupima uzito wake: hukaribia 1.27 betri ikiwa na chaji kamili, na hushuka kuelekea 1.12 ikiisha. Vitabuni ni haidromita. Fundi wetu wa Kizota alikiita *kipimo* tu, na mwanagenzi wake akakileta bila kuuliza kipimo gani.