Kayaki Juu ya Keria: Namna ya Kuipima Kazi ya Mfungaji

Vyombo vya maji vilipita Ugogo kabla gari halijajulikana huko. Mwisho wa mwaka 1874 wapagazi wa msafiri Stanley walivuka nchi hii na mashua yake Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, ikiwa imegawanywa vipande ili kila kipande kipate mabega yake. Na meli Goetzen, ambayo sasa huitwa Liemba, iliundwa Papenburg, ikafumuliwa, ikasafirishwa ndani ya makasha kwa reli ya kati ipitayo Saranda, humohumo Ugogo, hata ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Kayaki ya siku hizi haigawanywi. Huenda nzima, juu ya paa la gari la msafiri aendaye maziwani, na kwa sababu hiyo dhamana yote ya safari imo katika mikono ya aliyeifunga.

Atakaye kuutambua ustadi wa mfungaji na asimame Kilimatinde, pale nchi inapokatika ghafula kuelekea bonde la Bahi, ayatazame magari yashukayo; maana upepo wa mashariki, ambao wakati wa kiangazi huvuma kwa nguvu kanda hizi, huingia chini ya omo na kutaka kuinyanyua, ilhali breki huisukuma kayaki mbele na kila kona huivuta upande. Kazi mbovu iliyositirika katika njia tambarare hudhihirika hapo.

Tazama kwanza keria yenyewe. Vyuma vyake viwili viachane kadiri paa linavyoruhusu, na miguu yake isicheze hata kidogo, kwa kuwa mkanda ulio bora hauna faida ukifungwa kwenye chuma kilicholegea. Kayaki isiyo na vitako vyake maalumu hulazwa kifudifudi, mkuku ukitazama mbingu. Hukaa imara zaidi, wala mvua haiigeuzi kuwa birika.

Lakini jambo la kupimwa kwa makini ni ufungaji, na hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kwamba aliyekaza sana ndiye aliyefunga vyema. Plastiki iliyopigwa na jua la adhuhuri hulainika, na mkanda wa kukazia kwa wenzo, ambao nguvu zake ni za kufungia shehena ya lori, huibonyeza bila ya mfungaji kuhisi. Mimi humpendelea atumiaye mkanda wa bizimu, unaovutwa kwa mkono mtupu, aliyeuzungusha chini ya chuma cha keria na kuusokota mara moja ili usivume njia nzima. Ukiishika omo na kuitikisa, gari zima na litikisike pamoja nayo. Kayaki ikicheza peke yake, kazi bado.

Mipira iliyokatwa kutoka tyubu za baiskeli, ambayo kila fundi wa njiani anayo, yafaa kwa tenga la kuku. Kwa kayaki haifai, maadamu tabia yake ni kurefuka, na upepo hauombi zaidi ya hapo. Katani nayo ina hitilafu yake: ikilowa hufupika na kubana, ikikauka hulegea, kwa hiyo fundo lililofungwa asubuhi ya mvua si fundo lilelile saa nane mchana. Nailoni, kinyume chake, hurefuka ikilowa. Mfungaji asiyeijua kamba yake hubahatisha.

Kamba za omo na tezi zishuke mbilimbili, kila moja upande wake, hadi kwenye vyuma vya kuvutia gari, nazo zinyooke tu. Mwenye kuzivuta kwa nguvu huikunja kayaki mgongo.

Baada ya kilomita chache za kwanza fundi wa kweli husimamisha gari bila kuambiwa, akapitisha kiganja juu ya kila mkanda. Na mkishafika, msimlipe upesi: kibonyeo kidogo hutoka chenyewe kayaki ikiachwa juani, bali kile ambacho hata jioni hakijatoka ni hoja ya haki ya kupunguza ujira.